Sahani Isiyotiwa Ndimu

Kila asubuhi, kabla sijavaa koti la maabara, hushuka ngazi za mawe hadi kwenye tangi na kuwabadilishia maji nungu wa baharini. Huwasalimu pia, maana pale hakuna anayenisikia. Asubuhi ile nilishuka na ndoo yangu, nikainama, nikakuta tangi tupu. Chini palibaki miiba michache iliyokatika, basi.

Kisha nikasikia harufu ya kitunguu na giligilani kutoka dirisha la jikoni.

Ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Kesho yake serikali ingefunga uvuvi wa nungu ili watage kwa amani, na sisi wa Punta Lobería, kijiji cha wavuvi, siku hiyo ya mwisho, kila nyumba hula nungu wabichi mchana. Ulises mzamiaji hutuletea kwenye kituo chetu cha utafiti magunia mawili, moja la meza na moja la tangi langu. Mwaka huu la meza lilionekana dogo, kwa hiyo Bi Herminda, mpishi wetu, alishuka tangini na kapu.

Nilipanda ngazi mbio. Nilimkuta amekaa mbele ya rundo la maganda meusi, anachota ndimi za rangi ya chungwa kwa kijiko. Kwetu tunaziita ndimi, ingawa ni mifuko ya mayai.

"Karibu, mwanangu!" alisema. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Umeona mzimu?"

"Hapana, Bi Herminda. Ni... si kitu."

Kilikuwa kitu. Katika seli zetu kuna kimeng'enya kinachochukua NAD, molekuli ambayo seli huitegemea kupata nguvu, na kuigeuza kuwa ujumbe mdogo. Ujumbe huo hufungua maghala ya kalsiamu ndani ya seli, na kalsiamu ikimwagika seli huamka na kufanya kazi yake. Lakini kimeng'enya hicho kikizidi, kama kinavyozidi uzeeni, hula NAD mpaka seli zinachoka. Katika saratani fulani ya uboho, seli zenyewe za saratani hujaa kimeng'enya hicho. Mimi nilikuwa nimepata dutu ya mwani iliyoelekea kukizuia. Shahidi wangu ni mayai ya nungu: ukiyasaga na kuyachanganya na rangi maalumu, rojo lake huwaka kijani ujumbe ukifika, na usipofika hubaki giza.

Mara mbili lilibaki giza. Profesa Oyarzún aliniambia, "Nipe ya tatu, Noelia, nasi tutayapeleka matokeo Valdivia wiki ijayo. Mwenzako Fabián atayasoma mkutanoni. Wewe najua hupendi kusimama mbele za watu."

Nilimjibu, "Sawa, Profesa." Hilo silo nililotaka kusema.

Sasa ya tatu ilikuwa kwenye bakuli la Bi Herminda, na nyingine isingepatikana mpaka msimu ufunguliwe.

"Umeshatia ndimu?" nikauliza.

"Ndimu ziko wapi! Nimemtuma Ulises tangu alfajiri. Nadhani anazipanda kwanza."

Moyo ulinirudi mahali pake. Ndimu ingeyaua mayai, lakini bila ndimu, na bila maji ya bomba, bado yalikuwa hai.

"Hukuziosha?"

"Nizioshe zipoteze chumvi? Nani alikulea wewe?"

Nilipaswa kumweleza. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, "Naomba sahani moja. Ya kuonja."

Bi Herminda aliweka kijiko chini. Miaka yote niliyokaa pale sijawahi kula nungu, na yeye hajawahi kuacha kunisuta. "Haleluya!" akapiga kelele. "Mtoto wa watu ameingia dini!" Akanichagulia ndimi nono kuliko zote, zilizokuwa zinadondosha mayai kama asali.

Niliondoka na sahani na haya yangu. Ghorofani niliyaosha mayai kwa maji ya bahari, nikayatazama kwenye darubini, yakawa mazima, ya mviringo, mazuri mno. Nikayasaga, nikalingoja rojo litulie. Chini walikuwa wanacheka na kugonganisha glasi. Mimi nilikuwa na kipande cha mkate na furaha yangu.

Alasiri Profesa alipanda, mashavu mekundu kwa divai. Nilidondosha ule mchanganyiko wa kimeng'enya, NAD na dutu yangu. Mstari kwenye kioo cha mashine ya kupimia mwanga ulikaa chini, tuli.

"Giza," alisema. "Au rojo limekufa?"

Hilo ndilo lililokuwa linanitisha. Nikachukua ujumbe halisi, ule safi wa chupani, nikatia tone. Mstari ukaruka juu, kijani kikajaa kioo.

"Liko hai!" Profesa alinikumbatia, miwani yake ikanichoma sikio. "Kumbe kimezuiwa kweli! Nampigia Fabián sasa hivi aanze kujiandaa."

Mlango ukafunguliwa. Bi Herminda aliingia na ndimu iliyokatwa na mkate, akaiona sahani yake kwenye barafu, kando ya mashine ya kusagia. Akaitazama sana.

"Kwa hiyo hukuonja."

"Nisamehe, Bi Herminda. Nimeyasaga. Nilihitaji mayai, sikujua niseme vipi."

"Ungesema 'nipe mayai', nami ningekupa bakuli zima, mjinga wewe!" Akaniminya shavu, akamgeukia Profesa. "Na huyo Fabián anajiandaa kwa lipi? Yeye ndiye aliyenidanganya jikoni kwangu?"

Profesa alicheka, simu mkononi. "Noelia hapendi kusema, Herminda. Unamjua."

Bi Herminda alinitazama mimi tu, ile ndimu bado mkononi mwake, kama mtu anayengoja chungu kichemke.

"Profesa," nikasema, "usimpigie. Nataka kwenda Valdivia mwenyewe. Nataka nisimame mbele yao, niyaseme mimi."