Mgonjwa wa Kanoni

Kubadilisha springi za valvu ni kazi ninayoipenda kwa sababu haitaki ushauri. Mwaka ule wa hamsini na nne, pale Kanoni, niliifanya kwa ushauri wa watu wote wenye midomo.

Nilikuwa naendesha lori la dizeli kutoka Bukoba. Nyuma, juu ya magunia ya chumvi, alilazwa marehemu Cassian ndani ya mkeka, tunampeleka Bugomora akazikwe kwenye kibanja chake, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Pembeni yake walikaa mkewe, Adelgunda, na kaka yake mkubwa, mzee Mutalemwa. Tangu tutoke hospitali Adelgunda alikuwa amenena jambo moja tu: mumewe alimsihi asimwache afie ugenini, naye akamwahidi, na usafiri ulipopatikana alikuwa ameshakata roho. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Kwenye mlima wa Kanoni injini ikaanza kugonga na kukohoa. Nikafungua kifuniko, nikakuta springi moja ya valvu imekatika. Nikamshukuru Mungu, maana za akiba zilikuwa chini ya kiti. Nikachukua spana.

Mzee Mutalemwa akanishika mkono. Akasema maiti akiwa bado juu ya ardhi, jembe halishikwi, si na wafiwa wala na mtu yeyote wa mahali alipo, na spana ni chuma kama jembe. Nikamwambia lori zima ni chuma na yeye kalipanda tangu alfajiri. Akanijibu kuwa kupanda si kushika.

Baba yangu ni mtu wa Pangani. Kwetu maiti hacheleweshwi. Nikamuuliza basi nitengeneze lini. Tukishazika, akasema. Na tutazika lini? Tukifika Bugomora. Na tutafikaje? Ukishatengeneza lori. Alinijibu kwa utulivu mkubwa, bila haraka yoyote. Nilitamani kumtwanga na ile spana, ila nilikuwa nimekatazwa kuishika.

Akatokea Yustus, mwenye shamba la kando ya barabara, jembe begani, yuko mbioni kupanda maharage kabla mvua haijamkimbia. Aliposikia habari akalitua jembe upesi. Alikuwa mtu mwema kweli. Akajitolea sehemu katika kibanja chake mwenyewe, mgeni azikwe hapo hapo, mambo yaishe. Mutalemwa akaanza kulitafakari, maana jua lilikuwa kali na marehemu ni marehemu. Adelgunda akakataa. Akasema akizikwa Kanoni, yeye naye wamchimbie shimo la pili.

Yustus akaliangalia shamba lake, akaangalia mawingu. Kisha akapanda kwenye gurudumu, akachungulia nyuma kwa muda mrefu.

"Mimi sioni maiti hapa," akasema. "Namwona mgonjwa amelala."

Mutalemwa akakuna kidevu, akakiri kuwa kwa mgonjwa hakuna mwiko. Nikaikamata spana kabla hajakumbuka mwiko mwingine.

Nilidhani upuuzi umekwisha, kumbe ndio kwanza umeanza. Kanoni mgonjwa hapiti bila kujuliwa hali. Deodatha, mke wa Yustus, akaleta bakuli la uji. Majirani wakaja, wakawa wanapanda mmoja mmoja kutoa pole, na lori linatikisika. Mimi huko mbele nimeshika vipande viwili vya chuma vinavyoibana springi, vidogo kama punje za mahindi. Kimoja kikidondokea ndani, hiyo ni injini nzima chini. Nikawaomba kwa heshima zote wamsalimie mgonjwa wakiwa ardhini. Mutalemwa akawa anamjibia: usiku alikuwa na homa, sasa ana nafuu. Baadaye kidogo nikamsikia akisema mgonjwa ameulizia ndizi.

Springi mpya ilihitaji mtu wa kuikandamiza kwa mtaimbo nami nipachike vile vipande. Mzee alikuwa na wageni. Adelgunda akashuka. Mfiwa hashiki chuma, lakini mke wa mgonjwa anashika, na aliushika mtaimbo ule kwa uzito wake wote, meno ameyauma. Hapo ndipo nikamsikia anaongea. Alikuwa anamgombeza mumewe kwa lugha ya kwao, ninayoielewa nusunusu: kwamba migomba haijapunguziwa majani, kwamba paa la jikoni linavuja tangu alipoondoka, kwamba aliambiwa asinywe maji ya baridi. Alikuwa akinyamaza kidogo kila baada ya neno, kumpa nafasi ya kujitetea. Nilikaza nati taratibu kuliko ilivyohitajika, na sioni haya kusema kwamba macho yaliniuma.

Injini ikawaka. Wageni wakampungia mgonjwa mikono, Yustus akabeba jembe lake.

Chini ya mlima nikasimama kusikiliza kama inagonga tena. Haikugonga. Mzee Mutalemwa akavua kofia, akatangaza kuwa Kanoni tumeshaipita, hivyo Cassian sasa amefariki na mjane ana ruhusa ya kulia.

Adelgunda alikuwa amelipakata lile bakuli la uji, amelifunika kwa jani la mgomba.

"Bado, shemeji," akasema. "Atafia nyumbani."

Mzee akavaa kofia. Nikaondoa lori polepole, maana mbele kulikuwa na mashimo na nyuma nilikuwa na mgonjwa.