Birika Katika Tuta la Nyanya

Birika lilikuwa limezikwa mpaka shingoni katikati ya tuta la nyanya, mfuniko juu, kama mtu aliyezama mtoni akabakiza kichwa. Kitinda alisimama mbele yake na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akatoa macho. Jana yake asubuhi alikunywa chai iliyochemshwa kwa birika hilohilo kabla ya kwenda kazini.

"Mama! Birika linafanya nini huku?"

Mama yake alikuwa amechuchumaa kwenye kitalu cha pilipili hoho, vidole vimejaa udongo. Hakugeuka.

"Liache. Linafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya birika, kumimina maji. Na wewe mwaga hayo yako kwenye mgomba, usinisimamie hapo kama nguzo ya umeme."

Kitinda akaenda kumwaga maji kwenye mgomba kama alivyoambiwa, huku kichwa kinamzunguka. Jina hilo la Kitinda alipewa kwa kuwa ndiye kitindamimba, likamganda mpaka leo ana mvi mbili tatu na kazi ya heshima katika duka la miwani. Kutwa nzima husugua lenzi ili watu wengine waone vizuri. Akirudi nyumbani, haelewi anachokiona.

Ingekuwa mama mwingine, birika kwenye udongo lingetosha. Ndugu wangeitwa, vikao vingekaliwa, na kila mtu angetikisa kichwa. Lakini mama huyu, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa, ana bustani nyuma ya nyumba ambayo haihukumiwi kwa macho. Hanunui mbolea wala dawa. Maganda ya mayai huyaanika na kuyatwanga. Majani makavu ambayo majirani huyachoma, yeye huyafuata na gunia. Maji hayatoki katika nyumba ile kabla hayajafanya kazi mara mbili. Na kila kitu anachokifanya, siku ya kwanza, kinafanana na wazimu.

Kitinda alishaumbuka mara moja kwa jambo hilo. Alirudi siku moja akamkuta mama anatandika makaratasi ya maboksi juu ya udongo, anayanyoosha kwa viganja, anayamwagia maji, anayafunika kwa majani kama anayetandikia wageni. Akampigia simu kaka yake kwa sauti ya kilio. Baada ya muda alipofunua boksi moja alikuta magugu yote yamekufa, udongo umelainika na nyungunyungu wamejaa tele. Mama alipopata habari za ile simu alicheka mpaka akakaa chini.

Basi Kitinda akajifunza kufunga mdomo. Akaona vyungu vya udongo vinazikwa katikati ya michicha, akanyamaza, na kweli, maji yakawa yanapenya polepole ukutani mwa chungu na michicha ikanenepa. Akaona kiatu cha mama, cha ngozi, cha kuendea misibani, kimechomekwa kwenye lundo la mboji kati ya maganda ya ndizi na maranda. Akanyamaza. Alijiambia ngozi nayo huoza, mama anajua anachofanya. Akakipita kiatu kile siku kadhaa kwa adabu kabisa, mpaka mama mwenyewe alipokwenda kugeuza mboji, akakiinua kwa ncha ya jembe na kuuliza, "Kiatu changu kimefuata nini huku?"

Hapo ndipo moyo wa Kitinda ulipoingiwa na baridi, na haukupata joto tangu siku ile.

Kwa sababu lilikuwapo suala la Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa ni mhasibu, anaishi ghorofa ya nne, ana chumba cha wageni na kibaraza cha vigae kinachotosha kuanikia soksi. Anampenda mama yake, hilo nalo lisemwe. Alipiga simu Jumatano.

"Sitaki maelezo marefu, Kitinda. Wewe ndiye unayeishi naye. Akili zimetulia au hazijatulia? Kama hazijatulia, Jumapili naondoka naye. Sisubiri nyumba iwake moto ndiyo tuanze kulaumiana."

"Kaka, mbona unanibebesha peke yangu?"

"Nimbebeshe nani? Jumapili unijibu."

Kitinda alijua vizuri kilichokuwa kinamtisha. Akisema zimetulia, na siku moja mama akaungua, damu hiyo iko juu yake. Akisema hazijatulia, mama atapandishwa ghorofani akae kwenye kochi, mikono juu ya mapaja, asiwe na hata kiganja cha udongo cha kushika. Atakufa kwa kukaa. Aliogopa yote mawili kwa kiasi kilekile, na kila akijaribu kupima anajikuta ameshika kiatu mkono huu na chungu mkono huu, hajui kipi kinazungumza ukweli.

Na sasa birika.

Alikwenda kwa seremala wa nyumba ya pili, ambaye humpa mama maranda ya kufunikia udongo. Alimkuta anapiga randa.

"Fundi, nikuulize kitu usinicheke. Wewe unamwonaje mama yangu?"

"Mama? Yuko imara kuliko mimi." Seremala akapuliza vumbi kwenye ubao. "Majuzi kanifokea nisimpe maranda ya mbao zilizotiwa dawa, eti namuulia wadudu wake. Alizijua kwa kunusa tu."

Kitinda akashusha pumzi.

"Ila asubuhi ileile," seremala akaongeza, "alikuja akachukua gunia, akashukuru, akaenda. Nimekaa kidogo, huyo tena, anaomba gunia. Nikampa. Akashukuru upya."

"Labda yalikuwa hayatoshi."

"Labda."

"Au alisahau."

"Labda vilevile. Dada, mimi natengeneza vitanda, usiniulize mambo mazito hivyo."

Alirudi amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda. Jumamosi, mama alipojilaza baada ya chakula cha mchana, Kitinda akapiga moyo konde, akashika mwiko wa bustani na kwenda kulifukua birika. Chungu kinapitisha maji kwa sababu ni udongo mtupu. Birika ni bati, alumini nyepesi. Likiwa zima, halina kazi pale, na jibu la Kaka Mkubwa litakuwa limepatikana.

Akalivuta likatoka. Lilikuwa na tundu chini.

Nusura apige vigelegele. Tundu! Maji yanachuruzika taratibu kwenye mizizi, na udongo uliolizunguka ulikuwa na unyevu mzuri, mweusi, wa kupendeza. Mama ana akili kuliko wote. Akaligeuza birika juani, karibu alibusu, ndipo akaona kwamba tundu lile halikutobolewa kwa msumari. Kingo zake zilikuwa zimeyeyuka. Sehemu yote ya chini ilikuwa nyeusi, imejikunja, na ndani kulikuwa na ganda la kitu kilichoungua mpaka kikagandamana na bati.

Akakaa chini palepale kwenye majani. Yaani birika lilikaushwa jikoni, moto ukawaka mpaka bati likayeyuka, na yeye akiwa kazini anasugua lenzi. Halafu likaja kunywesha nyanya. Alitaka kitu kimoja kimwambie ndiyo au hapana, na kitu chenyewe kimesema yote mawili kwa mdomo mmoja.

"Umelifukua," mama alisema nyuma yake.

Kitinda hakuweza kugeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Mama akakaa kando yake kwa kujishika kiuno, akalichukua birika na kulipangusa kwa upande wa khanga.

"Niliinjika chai. Nikasema ngoja nitazame miche mara moja. Nikasahau." Aliongea taratibu, kama aliyekuwa akiwaambia wazazi habari ngumu wodini. "Nimerudi, moshi umejaa nyumba nzima. Nikafungua madirisha. Nikasema Kitinda akiliona hili atampigia kaka yake."

"Ukalificha."

"Nimelificha, ndiyo. Lakini nilipokuwa nalificha nikaona lina tundu, nikasema basi lisikae bure."

Kitinda akacheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho hakijawahi kumpendeza mtu usoni.

"Mama, mimi nashindwa. Sijui lini unajua na lini hujui."

"Unadhani mimi najua?" Mama akamtazama, na kwa mara ya kwanza Kitinda aliona kwamba na yeye anaogopa. "Naamka nasimama sebuleni, sijui nilikuwa nakwenda wapi. Ila nikifika huku ni tofauti, mwanangu. Jikoni nikisahau, kitu kinaungua. Huku nikisahau, kinaota. Nakikuta kimeota, nasema kumbe nilipanda. Bustani inanikumbusha bila kunifokea."

Walikaa mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia. Kisha wakalirudisha birika mahali pake, mama akalijaza maji.

Jumapili Kaka Mkubwa alifika na gari limeoshwa, siti ya mbele imesogezwa nyuma ili mama akae vizuri. Alimwamkia mama, akaonyeshwa nyanya, akasifia bila kuzitazama. Kisha akamvuta dada yake pembeni ya mgomba.

"Haya. Zimetulia au hazijatulia?"

"Jikoni hazijatulia. Bustanini zimetulia."

"Kitinda, hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo. Mtungi wa gesi nimeuhamishia chumbani kwangu, naufunga kwa kufuli nikienda kazini. Chai yake naiacha kwenye chupa, chakula kwenye hotpoti. Ukimchukua, kaka, unachukua ile sehemu yake inayosahau, na hii nyingine unaiacha hapa ikauke."

Alimwonyesha birika, akamweleza na habari ya moshi, hakuficha kitu. Kaka Mkubwa alikunja uso kama mtu ambaye hesabu zake zimekataa kulingana. Alisema anakwenda kuaga.

Mama akamkatizia njia na fungu la miche ya pilipili hoho, mizizi imefungwa kwenye gazeti bichi.

"Ya kibarazani kwako. Uimwagilie maji ya kuoshea mboga."

"Asante, mama."

Aliiweka garini. Alipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yake na fungu jingine.

"Usisahau miche yako, baba. Ya kibarazani. Maji ya kuoshea mboga, sawa?"

Kaka Mkubwa akamtazama Kitinda. Kitinda akaona mdomo wa kaka yake unafunguka, kisha unajifumba. Kaka Mkubwa akapokea lile fungu kwa mikono miwili.

"Asante sana, mama. Nilikuwa nataka kukuomba."

La tatu alilipokea akiwa ameshakaa kwenye usukani, akashukuru vilevile, akaliweka juu ya mengine kwenye siti aliyoisogezea mama yake. Akawasha gari akaondoka, taratibu, ili miche isianguke.

Jioni Kitinda alikuwa anafagia uani mama alipouliza, "Kaka yako anakuja lini?"

Ufagio ukasimama.

"Keshakuja, mama. Leo mchana. Umempa na miche."

"Ya pilipili?"

"Ya pilipili."

Mama akaenda mpaka kwenye kitalu, akainama, akapapasa udongo kwa vidole. Palikuwa na mapengo matatu, mabichi bado, mahali ambapo miche ilikuwa imeng'olewa.

"Ni kweli nimempa," alisema. Akayagusa moja baada ya jingine. "Nimempa mara tatu. Yeye akafanyaje?"

"Alipokea yote."

"Mtoto mzuri," mama alisema, akayafukia mapengo kwa kiganja, na kuomba aletewe maji.