Joto la Lundo la Mwisho

Jumanne hiyo, tingatinga lilipoingia uani, Majivu alikuwa amechomeka nondo katika lundo la mboji aliloliacha marehemu mkewe, anasubiri ipate moto. Hakugeuka. Aliichomoa taratibu, akaishika kwa kiganja kama mkewe alivyomfundisha. Ikambabua. Akaiachia, uso umelegea kidogo kwa nafuu. Lundo bado lilikuwa linachemka.

"Shikamoo, mzee," alisema bwana afya. "Nilikwambia tutakuja."

"Marahaba. Ulisema. Nikadhani ni kama yale mengine mnayosema."

Biashara ile waliianza wawili, mtu na mkewe, katika mtaa ambao ukichimba choo unakutana na maji kabla jasho halijakutoka. Kila nyumba waliipa ndoo yenye mfuniko, na majivu ya kunyunyizia baada ya haja. Asubuhi walipita na mkokoteni. Mume aligawa ndoo safi na majivu, na ndipo jina likamganda. Mkewe alipokea zilizojaa, huku akiwatania wenye nyumba: "Jamani, jana kulikuwa na harusi humu? Mbona mzigo mzito hivi?"

Uani walitandaza mavi kwa maranda na majani makavu, tabaka juu ya tabaka, lundo likachemka lenyewe mpaka vijidudu vya maradhi vikafa. Likishapoa, limeiva: udongo mweusi, wenye bustani wanaugombania.

Wakubwa walikuja siku ya uzinduzi. Mmoja alishika koleo, akapigwa picha pamoja na mkewe Majivu, akaahidi glavu nene za ngozi. Picha ilitoka. Glavu hazikutoka. Kuna mtu alitupa chupa iliyovunjika ndani ya ndoo, kigae kikapenya glavu ya mpira, kikamchoma mama wa watu kiganjani. Zahanati haikuwa na sindano ya pepopunda. Arudi Jumatatu, walisema. Jumatatu taya zilikuwa zimeshajifunga.

Lundo alilolianza mkewe wiki ile lilibaki likifuka mvuke. Majivu alilipima kila asubuhi kwa nondo, na joto lile lilimpanda mkononi kama kiganja cha mtu anayekujua. Lilipoanza kupoa alishindwa kuvumilia. Akalimwagia ndoo mbichi juu. Likachemka tena. Akazoea.

"Shemeji," fundi cherehani wa jirani alimwuliza siku moja, "lundo la dada yangu haliivi tu? Mengine umeshauza yote."

"Limechelewa."

"Limechelewa au unalichelewesha?"

Na mwenye kitalu cha miche alipomganda akitaka mzigo, Majivu alimjazia magunia kutoka pembeni mwa lundo hilo hilo, akijidanganya kwamba pembeni pameiva. Miche ikaungua yote. Mwenye kitalu akaenda kushtaki.

"Ulimuuzia kinyesi kibichi," bwana afya alisema sasa. "Ningekuwa mtoto wako, mzee, bado ningelifunga hili eneo. Amri imeshatoka juu."

"Kumbe amri zenu zina miguu! Na zile glavu, miguu alizikata nani?"

Bwana afya alitazama viatu vyake. Majivu naye aliinama akaokota nondo yake; lile la kinyesi kibichi lilikuwa kweli.

Dereva wa tinga aliposukuma, mvuke mweupe ulitoka kwa nguvu hadi akakanyaga breki. "Mzee! Huko ndani kuna moto?"

"Hakuna moto. Ni joto tu."

"Nisije nikaua mtu hapa."

"Endelea," Majivu alisema. "Kwa hilo umechelewa."

Lundo lilipasuka katikati. Juu lilikuwa bichi, la kahawia, linanuka. Lakini chini kabisa, pale mkewe alipotandaza kwa mikono yake, palimwagika udongo mweusi, mwepesi, unaonukia kama ardhi iliyopata mvua. Majivu alipiga magoti, akachota mkono mmoja.

Ulikuwa baridi.

Ulikuwa umepoa zamani, na yeye miezi yote ile alikuwa akiota moto wa ndoo zake mwenyewe. Alifungua mdomo amwambie dereva asubiri, azoe hata karai moja. Tinga lilirudi nyuma, likasukuma tena, cheusi na kibichi vikachanganyika, vyote vikaingia katika shimo la maji nyuma ya ua.

Asubuhi ya Jumatano aliamka kwa mazoea, akachukua nondo, akatoka bila mkokoteni. Mtaa mzima ndoo zilikuwa zimeshawekwa milangoni, mifuniko imebanwa. Langoni pa ua wake bwana afya alikuwa akigongelea kibao cha kufunga eneo. Fundi cherehani alisimama nyuma yake na ndoo yake mkononi, mwili umeinama upande mmoja kwa uzito.

"Bwana afya, shemeji yangu mmemfungia, sawa. Mwenyewe anajua alipokosea. Sasa mimi nakuuliza wewe unayetumwa, na wao wanaokutuma: hizi tuzipeleke wapi?"

Nyundo ilisita hewani. Majirani walisogea, kila mmoja na ndoo yake. Majivu alisimama kando, nondo baridi mkononi, naye akisubiri kusikia.

Bwana afya alitoa msumari mwingine mfukoni, akaendelea kugonga.