Bwana Keshatajwa

Kaka wa mchapaji, mtoto wa mama yake mkubwa, alianza kuitwa Dokta siku alipochukua fomu ya chuo, na huu ulikuwa mwaka wa saba. Fomu ilishachakaa, udokta ungali mbichi.

Asubuhi hiyo aliingia katika duka la kuchapa na kujalidi tasnifu, lililotazamana na lango la chuo, akamwagia mdogo wake mchapaji lundo la karatasi mezani. Sura moja ilikuwa kwenye daftari, nyingine nyuma ya kadi za arusi. Kesho saa sita mchana kazi iwe kwa msajili, la sivyo jina linafutwa. Wa kulaumiwa, alisema, ni msimamizi wake, mtu asiyeonekana. Mchapaji alimwona msimamizi huyo kila Jumanne akipita dirishani na mwavuli wake.

Binti huyu aliishia darasa la saba. Ila miaka minane ya kuchapa tasnifu za watu si haba. Waliomaliza aliwajua kwa daftari zao: mwandishi, kitabu na ukurasa vimeandikwa siku ileile ya kusoma. Hao walimpelekea msimamizi wao kurasa tano mbovu, wakatukanwa, wakarekebisha. Wale wa “marejeo nitaweka mwisho” aliwajua kwa macho mekundu.

“Wewe chapa tu, usisome,” Dokta akamwambia. “Haya yamekuzidi kimo.”

Akachapa. Kufika sura ya pili, kidole kikasita. Akafunua orodha ya marejeo, akarudi, akahesabu.

“Kaka, huyu Keshatajwa, U. K., ni nani? Umemnukuu mara ishirini na tatu.”

Dokta akatabasamu kama mtu aliyeulizwa na mtoto mwezi unalala wapi. “Mtaalamu mkubwa huyo. Hakuna tasnifu isiyomtaja.”

“Mtaalamu wa nini?”

“Kila kitu. Historia, elimu, kilimo. Nilimsikiliza kwenye kongamano moja. Mzee mnyenyekevu sana.”

Mchapaji akashusha rafuni tasnifu ambayo mwenyewe hajaja kuichukua. Chini ya ukurasa, tanbihi ya kwanza ilitaja mwandishi na kitabu chake kwa ukamilifu. Ya pili ilikuwa fupi: Keshatajwa, uk. 45.

“Si unaona?” Dokta akasema. “Hata huyu anamjua.”

“Litamke hilo jina polepole.”

“Kesha... tajwa.”

Akalitamka tena, safari hii bila sauti. Jasho likamtoka puani. Mzee mnyenyekevu alikuwa mtu yeyote aliyekwisha kutajwa mstari wa juu, na hizo U. K. zake zilikuwa ukurasa.

Mchapaji akamwambia saa nne haijafika, maktaba iko ng'ambo ya barabara, na akifuata kila tanbihi hadi iliyo juu yake katika tasnifu alizonakili, jioni atakuwa na majina yote. Yeye atamalizia kuchapa sura zilizobaki. Dokta akatazama maktaba kama mtu aliyeonyeshwa jembe.

“Nani anasoma marejeo? Jalidi.”

“Gundi ikikauka, kaka, haibembelezwi.”

“Nimesema jalidi.”

Akamaliza kuchapa, akajalidi. Jalada jeusi, herufi za dhahabu. Ikapendeza kama jeneza la tajiri.

Barua ya watahini ilikuja baada ya miezi miwili. Walimpa mitatu ya mwisho ya kusahihisha, kisha wakaongeza kwamba siku ya kujitetea aje na Bwana Keshatajwa, maana inaonekana utafiti wote kaufanya yeye.

Dokta alikaa kwenye benchi la dukani, barua imekunjwa kiganjani.

“Mdogo wangu,” akasema akitazama sakafu, “ile tasnifu uliyonionyesha bado ipo rafuni?”

Haikuwa rafuni. Ilikuwa mezani, na penseli juu yake, tangu siku ile ya gundi. Mchapaji akamsogezea.

“Anza na jina la mwandishi,” akamwambia. “Na safari hii usinakili tu, kaka. Soma.”