Kanuni ya Nne ya Mfuko wa Mahindi Yajayo

Waliohudhuria kikao cha Kamati ya Usimamizi ya Mfuko wa Mahindi Yajayo, Laela, Alhamisi ya pili ya Aprili 1993, walikuwa hawa: Bwana Zenon, karani mstaafu wa ushirika, mwenyekiti, Bwana Halfani, mfanyabiashara wa Sumbawanga mwenye malori mawili, Mama Coleta, mwenye mgahawa wa stendi, mweka hazina, mzee Isdori, mjumbe wa wakulima, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, mwandishi. Aliyeitwa: Mboje Ngeleja, mkulima na mfugaji, mwombaji. Nje ya mlango walisimama wauzaji na wanunuzi wa karatasi wapatao arobaini, ambao hawakuitwa.

Inafaa kueleza karatasi hizo ni nini. Serikali ilipoachia biashara ya nafaka mikononi mwa watu binafsi, Mfuko wetu ulianza kununua mahindi kabla hayajavunwa. Mkulima alilipwa nusu ya bei wakati wa mvua, naye akatia saini karatasi ya kuleta magunia mwezi Juni. Hapo hapakuwa na ubaya. Lakini karatasi ni nyepesi kuliko gunia, na kitu chepesi hutembea. Halfani aliinunua kwenye Mfuko, akamuuzia fundi cherehani, fundi akamuuzia mwenye baiskeli za kukodi. Mvua ikinyesha Jumatatu bei ilishuka, jua likiwaka Jumanne ilipanda, na watu ambao hawajawahi kushika mpini wa jembe walianza kutazama mawingu kwa uchungu wa kweli. Kufikia Machi palikuwa na namna mpya iitwayo kuweka kiti: ulitoa fedha kidogo ili uje kuruhusiwa kununua karatasi baadaye kwa bei ya leo. Na viti navyo viliuzwa.

Ndipo tapeli mmoja wa Namanyere alipouza karatasi za shamba ambalo, lilipotafutwa, lilionekana kuwa ndani ya ziwa upande wa Kirando. Watu wakapiga kelele. Kamati ikaundwa, na Kamati ikatunga kanuni kumi na mbili. Ya nne ndiyo iliyokuwa nguzo: hakuna karatasi itakayogongwa muhuri mpaka mkaguzi ahesabu ntumba za shamba husika, na kila ntumba mia moja zitahesabiwa gunia moja.

Ntumba ni yale matuta ya mviringo ya Ufipa, ambayo ndani yake majani hufukiwa yaoze yawe mbolea. Hapa kwetu bidii ya mtu hupimwa kwa ntumba zake. Hata kwenye posa huulizwa. Bwana Zenon, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa ameyaona mahindi katika safu za daftari tu, aliona hicho ndicho kipimo kilicho wazi kuliko vyote. Mimi niliiandika kanuni hiyo kwa mwandiko ulionyooka, na hakuna aliyeuliza swali.

"Mwombaji," alisema Zenon, "taarifa ya mkaguzi inasema: shamba ekari nane, ntumba hakuna. Unasemaje?"

"Shikamooni wazee," alijibu Mboje. Alikuwa mtu mrefu, aliyehamia kutoka Usukuma na ng'ombe wake miaka mitano kabla. "Ni kweli hakuna. Mimi nalima kwa plau. Mahindi yako kwenye mistari, na yameshabeba. Mkaguzi mwenyewe alipotea humo ndani, tukamtoa kwa kumwita."

"Nanyi watu wa ng'ombe!" alisema mzee Isdori akicheka. "Mnakwaruza ardhi juu juu kama kuku, halafu mnataka muhuri."

"Kuku naye hushiba, mzee."

Mama Coleta alicheka kwa sauti, kisha akaona uso wa mwenyekiti, akaanza kupanga kalamu.

"Kamati haisimamii mahindi," alisema Zenon kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Kamati inasimamia karatasi. Karatasi isiyo na ntumba ni sawa na lile shamba la ziwani."

Mboje alivua kofia. Alieleza shida yake bila kuirembesha. Binti yake, Herieth, alikuwa amerudishwa kutoka shule ya sekondari kwa kukosa ada. Asipofika Jumatatu, nafasi yake ingepewa mwingine. Muhuri ungempatia nusu ya bei leo hii. Bila muhuri angeuza dume mmoja wa plau, na dume mmoja halimi peke yake. Msimu ujao zile ekari nane zingekuwa mbili za jembe la mkono.

"Namfahamu Herieth," nilisema. "Nilimfundisha. Alikuwa wa kwanza darasani."

"Mwandishi aandike," alisema Zenon.

Mboje alimgeukia mzee Isdori. Naamini hakuwa na hila. Alitaka kujifunza tu. "Mzee wangu, naomba unielekeze. Nasikia ntumba zako ni elfu tatu na zimegongewa muhuri wa magunia thelathini ya Juni. Nilipita pale juzi na ng'ombe. Juu yake umeotesha nini?"

Isdori alikohoa. "Maharage."

"Na mahindi?"

"Mahindi yanafuata. Ntumba za mwaka huu tunazisambaza mvua zijazo, ndipo tunapanda mahindi. Kila Mfipa anajua."

Nje tulisikia mtu akinadi kiti.

"Mvua zijazo," alirudia Halfani taratibu. "Yaani magunia ya Juni hii yatavunwa Juni ya mwakani?"

"Kama Mungu akipenda."

"Mzee, mimi nimeahidi magunia mia mbili kule Tunduma mwezi Juni! Kwa muhuri wenu! Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa," alisema Isdori kwa heshima. "Mwenyekiti alisema tuhesabu ntumba, tukahesabu. Ningembishia mtu aliyesoma? Na fedha zilikuwa zinatolewa."

Mama Coleta aliuliza ni karatasi ngapi zimegongwa muhuri kwa kanuni ya nne. Nilifungua rejista na kujibu kwamba ni zote. Hivyo basi shamba pekee lililokataliwa lilikuwa ndilo pekee tulilolijua kuwa na mahindi.

"Basi tuifute kanuni," alisema Mama Coleta. "Ni mstari mmoja tu."

"Tukiifuta leo, karatasi zote zinakufa leo," alisema Zenon. Jasho lilikuwa limemtoka. "Watu watauliza Kamati ilikuwa inasimamia nini. Imani ya soko, Mama! Kanuni mbaya inayoheshimiwa ni bora kuliko nzuri iliyochelewa."

Halfani hakuwa akisikiliza. Alisogeza kiti chake mpaka kwa Mboje, akasema kwa sauti ndogo ambayo sote tuliisikia: "Mshikaji wangu, achana na muhuri. Nanunua mahindi ya ekari zote nane. Fedha taslimu, sasa hivi, binti aende shule na dume abaki zizini. Sharti ni moja. Hili la maharage usilitoe nje mpaka Jumamosi. Nina karatasi tisini mfukoni, nipe siku mbili niziuze."

"Uwauzie akina nani?"

"Hao walioko nje. Si wanazitaka? Siwalazimishi."

Mboje alichungulia dirishani. Mbele kabisa alisimama Josefina, muuza uji wa stendi, ameshika fedha zilizofungwa kwenye ncha ya kitenge. Alikuwa amesubiri tangu asubuhi bei ishuke kidogo.

"Kamati haijasikia mazungumzo hayo," alisema Zenon upesi. "Ila kama mwombaji ataridhika, Kamati itafurahi."

"Kubali, mwanangu," alisema Isdori. "Ukiwa mgeni, bahati ikija huiulizi ilikotoka."

Halfani aliweka bunda la noti mezani, juu kabisa ya kanuni zetu kumi na mbili. Mboje alilitazama kwa muda ambao mtu hutumia kusali sala fupi. Kisha alivaa kofia.

"Bwana Halfani, ukitaka mahindi yangu, bei yako ni nzuri na nakushukuru," alisema. "Lakini ukitaka mdomo wangu, huo siuuzi."

"Basi sinunui," alisema Halfani, akarudisha noti mfukoni.

Zenon alisimama kuziba njia, akakumbuka umri wake, akaketi. Mboje alifungua mlango. Wale arobaini walinyamaza, wakidhani anatoka kutangaza bei.

"Shikamooni walio wakubwa, na wengine salaam," alisema. "Mimi ni Mboje. Nimenyimwa muhuri, sina kinyongo. Karatasi zote zenye muhuri zina maharage chini yake, na mahindi ni ya mwakani. Atakayebisha aende shambani leo kabla hajatoa fedha. Mahindi yangu nitayauza Juni, gunia kwa gunia. Na Jumamosi nauza dume mmoja mnadani. Anayemtaka aje mapema, maana Jumapili nampeleka binti yangu shule."