Miguu ya Bi Futi

Jumanne, saa tatu asubuhi, Bi Futi alifika kwenye jengo la ghorofa sita kukagua nondo za sakafu ya tatu kabla hazijamwagiwa zege. Ndivyo utaratibu wa jiji ulivyo: msingi ukichimbwa, mkaguzi huitwa, nondo zikifungwa, huitwa tena, asipotia sahihi kwenye kadi iliyobandikwa getini, kazi haiendelei. Alipanda ngazi ya mbao taratibu, kwa magoti ya mtu wa miaka hamsini na miwili, na alipofika juu akakuta zege limeshamwagwa na kukauka, na fundi mmoja amejilaza juu yake akila mkate.

"Mlimwaga lini?" aliuliza.

"Wiki nne zilizopita, shemeji," alijibu msimamizi wa ujenzi, ambaye alikuwa mume wa mdogo wake. "Mwenye jengo alikuwa na haraka. Tulikupigia simu, haikupatikana."

Bi Futi hakuwa amezima simu yake tangu aliponunua. Hakubishana. Alipiga hatua moja kwenye sakafu, na mguu wake wa kulia ukazama hadi kwenye kifundo.

Aliinama akapima. Sentimita tisa. Aliandika kwenye daftari, akaung'oa mguu, akapiga hatua ya pili, nao wa kushoto ukazama sawasawa na mwenzake. Mafundi walipita pembeni yake na matoroli ya kokoto bila kuacha hata alama. Yule wa mkate alisogea kumpisha.

Hali hiyo ilimwanza miaka tisa nyuma. Siku moja, kwa sababu ya mvua, alitia sahihi akiwa mezani kwake kulipitisha jengo ambalo hakulipanda. Liliporomoka likiwa na watu kumi na wanne. Alikwenda kwenye mazishi yote, na kuanzia wiki iliyofuata miguu yake ikawa inazama kwenye zege lolote lililopunjwa. Kwenye udongo alitembea kama watu wengine, na kwenye zege zuri vilevile. Daktari aliikagua miguu hiyo akamshauri avae viatu vipana. Ofisini walizoea, na kwenye majengo mengi wasimamizi waliomjua walimtandikia mbao za kukanyagia kabla hajashuka kwenye gari.

Alipomaliza kuzunguka sakafu aliacha mashimo thelathini na moja. Alitelemka, akachukua rangi nyekundu, akapiga alama ya kusimamisha kazi ukutani.

Mchana wake mkuu wa idara alimwita.

"Bi Futi, vipande vya zege la jengo lile vilipelekwa maabara. Vimebanwa kwenye mashine mpaka vikapasuka, na vimefaulu. Hiyo ndiyo karatasi."

"Nimezama sentimita tisa, mkuu."

"Najua. Hayo umeyaandika vizuri. Lakini sheria inasema zege lipimwe kwa mashine. Haikutaja miguu."

Alisema hivyo bila kejeli, kwa huruma hasa, kisha akalichukua faili na kumpa mkaguzi mwingine.

Jioni Bi Futi alimfuata shemeji yake kwenye ujenzi. Mafundi walikuwa wameshaondoka. Alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananawa mikono.

"Vile vipande vya maabara mlivitoa wapi?"

Msimamizi aliendelea kunawa mikono ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Tulivichanganyia pembeni," alisema mwishowe. "Saruji ya kutosha, kokoto zilizooshwa. Vipande sita tu."

"Na sakafu?"

"Sakafu ilipata kilichobaki. Shemeji, ningekataa, kesho yake angesimama mwingine mahali pangu. Mwenye nguvu mpishe. Mdogo wako ana mimba, na tajiri ameahidi kutupa nyumba humu humu. Ghorofa ya tatu, inatazama barabara."

"Utamlaza mtoto hapo?"

"Watu wote watalala hapo," alisema msimamizi, akaanza kulia polepole, kama mtu anayefanya kazi aliyopangiwa.

Bi Futi aliandika barua kwa mkurugenzi. Alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Akaandika kwa bodi ya wahandisi, na jibu likawa lile lile, hata koma zilikuwa mahali pale pale. Mkaguzi mwingine alifika kwenye jengo, akalitazama kupitia dirisha la gari, akatia sahihi kadi aliyoletewa na mlinzi. Kabla ya vigae kutandikwa, mafundi waliyaziba yale mashimo thelathini na moja kwa saruji nzuri, kwa aibu, na ikawa sehemu imara kuliko zote za sakafu ile ni nyayo za Bi Futi.

Familia ishirini na nne zilihamia.

Bi Futi alisimama getini siku tatu, akiwaeleza wapangaji mmoja mmoja. Walimsikiliza kwa adabu. Mzee mmoja aliyebeba godoro kichwani alimuuliza kama anajua nyumba nyingine ya bei ile. Hakuijua. Mzee alimshukuru, akapanda.

Mdogo wake alijifungua mtoto wa kike. Siku ya nane Bi Futi alikwenda kumwona. Ngazi zilimshika vizuri mpaka ghorofa ya pili. Kutoka hapo alipanda akichomoa mguu mmoja baada ya mwingine, na jirani aliyekuwa akishuka alimpokea mkoba. Mlangoni mdogo wake alikuwa ametandika mbao mbili. Mbao zilitosha mpaka katikati ya sebule. Alipopiga hatua nje ya mbao ili amfikie mtoto, alizama hadi magotini.

"Siku ile ilikuwa kwenye kifundo," mdogo wake alisema.

"Ilikuwa kwenye kifundo."

Sakafu ilikuwa nyembamba kuliko mchoro ulivyoagiza, na Bi Futi alihisi upepo kwenye nyayo zake.

"Mdogo wangu, kwangu kuna chumba. Fungasha, tuondoke leo."

"Na baba yake? Tukihama sisi, watu watauliza kwa nini msimamizi amelikimbia jengo lake. Watamfunga, dada."

"Wamfunge. Atatoka. Chini ya kifusi hatoki mtu."

"Na hawa wengine? Wao watahamia chumba gani?"

Mdogo wake alimnyanyua mtoto na kumpa. Mtoto alikuwa mzito, wa moto, ananuka maziwa. Alimtazama mama yake mkubwa, akapiga miayo.

Mlango uligongwa. Alikuwa mpangaji wa ghorofa ya pili, mwanamke mwenye kitambaa cha kupikia begani.

"Hodi jamani, samahani. Mgeni wenu miguu imetokeza kwangu, juu ya meza ya chakula. Nilitaka kujua kama atakaa sana."

"Kidogo tu, mama," alisema Bi Futi. "Ndiyo kwanza nimempakata."

"Hongereni sana. Basi usiiache ining'inie, utachoka."

Mwanamke alishuka. Baada ya muda Bi Futi alihisi meza ikiburutwa huko chini, kisha stuli ikiwekwa juu yake, na mikono miwili ikimshika buti moja moja na kumkanyagisha. Mto ulikuwa umewekwa juu ya stuli. Alisimama hivyo, nusu katika nyumba moja na nusu katika nyingine, mtoto amelala kifuani.

Dirishani, ng'ambo ya barabara, tajiri yule yule alikuwa anajenga jengo lingine. Mafundi walikuwa wanamwaga zege la ghorofa ya kwanza, zege jepesi, linachuruzika kama uji. Msimamizi alisimama kati yao na kofia yake ngumu, na kila baada ya muda alitazama huku, kwenye dirisha la mkewe. Getini kadi ilikuwa imeshabandikwa, na ilikuwa na sahihi zote.