Jozi Begani kwa Bi Chupa

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, mtunza maabara wa shule ya sekondari, ambaye wanafunzi humwita Bi Chupa, alikuwa akisuuza bureti, mrija wa kioo wa kupimia, ya saba kati ya ishirini na nne, pale vitu viwili vidogo kama punje za ulezi vilipotokeza kwenye bega lake la kushoto. Viling'aa. Vilizungukana bila kugusana. Alivipapasa kwa kidole chenye povu, vikamtekenya, akacheka kidogo, kisha akachukua bureti ya nane, kwa sababu kidato cha nne walikuwa na jaribio kipindi cha tatu.

Alijua ni nini. Aliajiriwa kufagia, na kemia alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada, ukurasa mmoja kila siku baada ya kufunga madirisha. Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja ulisema besi ni ile inayotoa jozi ya elektroni, na asidi ni ile yenye nafasi ya kuipokea. Hii ilikuwa jozi. Aliandika saa na bega katika daftari lake.

Kufikia mapumziko, chumba cha walimu kilikuwa kimejaa vicheko. Katibu muhtasi alikuwa na jozi tatu, mbili begani na moja juu ya sikio kama kalamu. Mwalimu wa historia alikuwa na kitundu kifuani, kisichouma. Cha Mkuu wa shule kilikuwa kikubwa zaidi, na kila alipovuta pumzi kilipiga mluzi. Mwalimu wa hesabu alikuwa na vyote viwili: mbele ya Mkuu alitoa, mbele ya mpishi alipokea, kama maji yafanyavyo katika kemia, mara asidi mara besi, wala hakuona haya.

Makamu mkuu, mtu wa utaratibu wa zamani, aliagiza kila mtu alambe karatasi ya litmasi ili ijulikane nani asidi na nani besi. Karatasi zote ziligeuka nyekundu, maana wote walikuwa wametoka kunywa juisi ya ndimu. Bi Chupa alieleza kwa upole kwamba litmasi inafuata haidrojeni tu, na ziko asidi zisizo na haidrojeni hata chembe. Afadhali kutazama jozi inaelekea wapi. Makamu akasema haya, watazame.

Haikuwa kazi ngumu. Katibu muhtasi alipopita mbele ya Mkuu na rundo la barua alizomwandikia ili atie sahihi tu, jozi ya sikioni iliruka ikaingia tunduni, tap, na wawili hao wakaungana kwa uzi wa mwanga wenye urefu wa hatua mbili. Kemia inauita bondi. Bondi inapofungika hutoa joto, na hii ilitekenya pia, kwa hiyo kila aliyeungana alicheka. Kufikia Jumanne nusu ya shule ilikuwa imeungana. Historia na jiografia zilifundishwa kwa pamoja, na wanafunzi wakasema sasa ndiyo wanaelewa. Masweta yalivuliwa. Mlinzi, aliyeungana na mwalimu wa michezo, alizunguka uwanja mara kumi na moja akiwa na rungu mkononi, na lango likajilinda lenyewe.

Bi Chupa aliungana na mwalimu wa kemia, anayeitwa Profesa ingawa si profesa. Ilitokea alipomkabidhi mwongozo wa jaribio alioshinda Jumapili nzima akiuandika. Profesa aliupitia, akasema, "Safi sana, dada," akatia sahihi yake chini. Tap. Wakacheka wote wawili.

Alhamisi mkaguzi angekuja kumteua Mkuu wa maabara, cheo kilichokuwa wazi kwa miaka tisa. Miaka yote hiyo Bi Chupa ndiye aliyepanga kemikali, akaandika miongozo na kurekebisha majaribio yaliyokwenda kombo. Alikuwa amekiomba cheo hicho mara nne. Mara nne aliambiwa hakuna ushahidi, maana kila karatasi ina sahihi ya Profesa.

"Shoga, safari hii usiseme neno," katibu muhtasi alimwambia, akiwa hatua mbili kutoka kwa Mkuu aliyekuwa akiongea na simu. "Simama tu. Ushahidi uko begani."

"Ushahidi umeshaingia kwa Profesa."

"Basi utoe."

Hilo Bi Chupa alilifikiria siku nzima.

Mkaguzi alikuja na mkoba mwembamba na kitundu nadhifu chini ya tai. Aliitazama bondi, akaipima kwa rula, akaona haina alama ya mwenyewe. Ndivyo zilivyo bondi zote: elektroni zikishakaa katikati, huwezi kujua zilitoka upande gani.

"Nani katoa?" aliuliza.

"Sisi hapa tunashirikiana," alisema Profesa.

"Zote mbili ni zangu," alisema Bi Chupa. "Tukipata moto wa kutosha bondi itaachia, na jozi itarudi ilikotoka. Twendeni jikoni."

Mpishi aliwapisha. Walisimama kando ya jiko kubwa la shule, Profesa akijipepea kwa mfuniko. Dakika ya nne bondi ilitetemeka. Dakika ya sita ikaachia, na punje zote mbili zikarudi begani kwa Bi Chupa, zikizungukana mbio mbio. Kwa Profesa haikubaki hata moja. Mpishi aligonga sufuria kwa mwiko. Wanafunzi waliojazana dirishani walishangilia kama timu yao imefunga bao, na mkaguzi akacheka mpaka machozi, akasema tangu aanze kazi hajaona jaribio safi namna hii. Aliliandika lote, pamoja na dakika zake.

Bi Chupa alihisi miguu myepesi. Alipotazama chini aliona imeinuka kutoka sakafuni, kiasi cha unene wa daftari.

Kisha mkaguzi akafungua ukurasa wa mwisho wa fomu.

"Mama, nimeona kwa macho yangu," alisema kwa heshima. "Kila kitu ni chako. Ila Mkuu wa maabara kazi yake ni kupokea. Anapokea vifaa, anapokea wageni, shule ikifaulu anapokea pongezi. Sasa wewe utapokelea wapi?"

Alimkagua mbele na nyuma bila haraka, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. Hakuona tundu. Profesa alikuwa nalo, tena wakati huo lilikuwa wazi kabisa. Mkaguzi akaandika jina la Profesa. Mkuu wa shule alipiga makofi, na katibu muhtasi, aliye hatua mbili kutoka kwake, akapiga pia.

Miguu ya Bi Chupa ilishuka taratibu, wa kulia kwanza.

Profesa alijifuta jasho. "Dada, hebu niandalie maneno mawili matatu ya shukrani," alisema. Walikuwa wameshatoka jikoni na joto limewatoka. Tap. Wakacheka wote wawili, maana bondi haimuulizi mtu kabla ya kumtekenya.

Ijumaa fundi cherehani alikuja kupima koti jeupe la Mkuu mpya wa maabara. Alimzunguka Profesa na tepu yake, akajikwaa kwenye bondi mara mbili, akaona njia rahisi ni kuwapima wote. Bi Chupa alimshikia ncha ya tepu na kumsomea vipimo. Wiki iliyofuata koti lilikuwa tayari, la mikono minne na kola mbili, na kila aliyeliona alisema limewakaa vizuri. Mfukoni palitariziwa jina moja.